Koti la Sedekia na Mpira wa Damari

Sedekia alikuwa bwana shamba msaidizi katika vilima vya Umalila, upande wa Mbeya, na kazi yake kubwa ilikuwa kutembea. Kila asubuhi alitoka na fimbo na daftari, akapanda kilima hiki na kushuka kile, akiwafundisha wakulima kupanda pareto, kuchuma maua yake kwa wakati na kuyakausha bila kuyaharibu. Mvua ya huko ilimjua vizuri. Kuanzia Novemba mpaka Mei ilimnyeshea kichwani, mgongoni na ndani ya viatu. Mwavuli wake wa kwanza ulinyakuliwa na upepo mbele ya wakulima thelathini, ukaenda kutua katika zizi la ng'ombe la mwinjilisti. Wa pili ulipinduka siku ya kwanza tu, akarudi nao nyumbani ukiwa umebaki mbavu. Wakulima walimpenda, kwa hiyo walimcheka waziwazi.

Mwaka 1955, siku chache kabla ya mvua kuanza, mkewe Damari alimwambia, "Baba Asukile, mwaka huu sitaki tena kukukausha jikoni kama samaki. Twende mjini tukatafute kitu cha mvua."

"Nilikuwa nataka kusema hivyo hivyo," akajibu Sedekia, ambaye hakuwa amewaza jambo hilo hata kidogo.

Jumamosi wakashuka Mbeya, wakaenda moja kwa moja kwenye duka la Makame. Huyu Makame alizaliwa papo hapo Mbeya, lakini babu yake alitoka pwani, na yeye mwenyewe aliongea Kiswahili kitamu kilichowafanya wateja wasahau kuondoka. Aliuza sufuria, mablanketi, taa za chemli, na upande wa nyuma alikuwa na rundo la vitu vilivyobaki baada ya vita: viatu vya askari, vibuyu vya bati, mikanda, mahema yaliyochanika.

"Kitu cha mvua," alisema Makame akijikuna kidevu. "Mvua ya wapi? Kuna mvua ya mjini, na kuna mvua ya huko kwenu."

"Ya huko kwetu," akasema Damari.

"Basi ninavyo viwili vya kuwaonyesha."

Cha kwanza kilikuwa koti refu la kijivu. Lilikuwa na mkanda kiunoni, vifungo vikubwa vya rangi ya kahawia na vipande vya kitambaa mabegani kama vya ofisa. Ndani lilikuwa na bitana inayong'aa, na kwenye bitana hiyo mfuko wa siri. Sedekia alilivaa, akafunga mkanda, akasimama mbele ya kioo cha dukani. Akageuka ubavu. Akageuka ubavu wa pili. Alikuwa mtu mfupi, mwenye tumbo dogo la heshima, na koti lilimficha tumbo na kumwongezea urefu.

Cha pili hakikuwa hata na mikono. Kilikuwa kipande kipana cha kitambaa chenye mpira, rangi ya majani yaliyonyauka, na katikati kilikuwa na tundu la kupitisha kichwa, lenye kola ya kufunga kwa kamba. Pembeni kilikuwa na vishikizo vya chuma na matundu ya kupitisha kamba.

"Hiki ni cha askari wa Kimarekani," alisema Makame. "Unaingiza kichwa hapa, unafunika mwili mzima na mzigo wako mgongoni. Ukichoka unakivua, unafunga tundu, unakitundika kwenye miti, kinakuwa kibanda. Usiku unakilalia. Mtu akikikosea heshima anakiita mpira tu, lakini hiki ni nyumba."

Damari akakivaa. Sedekia akacheka mpaka akashika meza. "Mama Asukile! Umekuwa kichuguu kinachotembea!"

"Kichuguu hakilowi ndani," alisema Damari. Alimwomba Makame maji, akaletewa kikombe. Akauvua ule mpira, akautandaza juu ya magoti yake, akamwaga maji yote kando ya tundu la kichwa. Maji yalikusanyika kama kidimbwi, yakatetemeka, lakini hayakupita. Alipopapasa upande wa chini, mkono ulitoka mkavu. Akaagiza kikombe kingine, akalitazama koti.

Sedekia akarudi nyuma hatua moja. "Huwezi kumwagia maji nguo ya watu."

"Mwagia tu, mama," alisema Makame. "Mimi sifichi. Hilo koti ni zuri, tena ni zuri sana, lakini ni la manyunyu. Mwenye nalo anatakiwa awe na gari au awe karibu na mlango."

"Hakuna haja," alisema Sedekia, akilipapasa kwa vidole viwili kama fundi. "Kitambaa nakijua mimi. Hiki kimefumwa kwa kubana. Maji yatapitia wapi?"

Makame akamtazama Damari, Damari akatazama dari. Sedekia akanunua koti. Walipokuwa wanatoka, Damari alisema amesahau kitu, akarudi ndani. Alipotoka, alikuwa na furushi kwapani, na fedha yake ya maharage ilikuwa imebaki dukani.

Njiani kurudi kulinyesha manyunyu. Sedekia alitembea katikati ya barabara, mkanda umefungwa, akinyoosha mkono mara kwa mara ili aone matone yanavyoteleza juu ya koti.

"Umeona? Hata tone."

"Nimeona," alisema Damari.

Wiki mbili baadaye mvua yenyewe ikaja. Ilimkuta Sedekia kwenye mteremko wa mkulima mmoja anayeitwa Danieli, ikamsindikiza saa nzima mpaka nyumbani. Alipoingia, alilivua koti taratibu, akalitundika msumarini, akakaa karibu na moto kama mtu asiyekuwa na tatizo. Shati lilikuwa limemganda mwilini.

"Umelowa," alisema Damari.

"Hili ni jasho. Koti lina joto sana."

"Jasho mpaka kwenye soksi?"

"Nilitembea kwa haraka."

Miaka kumi na saba ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba mumewe akisukumwa hukaza miguu, na kwamba kama angetaja koti lile tena, angelivaa mpaka kitandani. Alimpa uji wa moto, akaweka bakuli chini ya msumari, na koti likadondosha maji humo mpaka siku ya tatu.

Mpira, kwa upande wake, haukupata hata siku moja ya kupumzika. Damari aliuvaa akienda kuni na akienda kanisani. Mawingu yalipokuja ghafla, aliutupa juu ya vichanja vya kukaushia pareto, na maua yakabaki kama yalivyokuwa. Majirani waliuazima kwa ajili ya mbegu na kwa ajili ya kuku wenye vifaranga. Mke wa Danieli aliuazima siku tatu, akaurudisha umeoshwa na kukunjwa, ndani yake kuna mayai sita. Sedekia aliyaona yote hayo, na kila alipouona ule mpira aliuita kichuguu.

Mwezi wa tatu ikaja barua kutoka Iringa. Mabwana shamba wa sehemu mbalimbali za nyanda za juu walikuwa wanakutana, na Sedekia alichaguliwa kuwaeleza namna ya kukausha pareto, kwa kuwa maua ya Umalila yalikuwa yamesifiwa msimu uliopita. Barua ilimtaka aje na mfano. Aliisoma mara nne, mara ya nne kwa sauti. Damari naye alikuwa na sababu ya kwenda Iringa: mdogo wake Lusia, aliyeolewa Kihesa, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na Damari alikuwa hajaenda bado kumpa hongera.

Sedekia alichagua maua mwenyewe, moja moja, mpaka akapata yale yaliyolingana kwa ukubwa na rangi. Akayatia katika mfuko wa karatasi, akaukunja mdomo, akautia katika mfuko wa siri wa koti.

"Tuyafunge ndani ya mpira," alisema Damari. "Huko njiani hatujui hewa."

"Mpira wako unanuka tairi. Unataka nifike mbele ya watu na pareto yenye harufu ya lori?"

"Haya, baba."

Walipata nafasi kwenye lori la Yunusu, mfanyabiashara wa Mbeya aliyepeleka viazi Iringa na kupakia abiria juu ya magunia. Siku hiyo walikuwa tisa. Mmoja wao alikuwa bibi mwembamba wa Kihehe, Rozalia, aliyekuwa anarudi nyumbani baada ya kumtembelea mwanawe, na aliyewasalimu wote kwa "Kamwene!", salamu ya kwao, kana kwamba lori lilikuwa lake. Sedekia alikataa kukaa kwenye magunia yenye vumbi. Alisimama, ameshika ubao, koti likipeperuka.

"Bwana Shamba, kaa," alimwambia Yunusu kila waliposimama. "Unanifanya nione kama nimebeba mkubwa wa jimbo. Polisi watanipigia saluti."

Walipita Makambako saa nane za mchana, wakiwa katika baridi na ukungu, na mbele kidogo ya hapo gurudumu la nyuma likazama katika tope mpaka kwenye ekseli. Abiria walishuka. Wanaume wakasukuma, Sedekia naye akasukuma kwa ncha za vidole ili asichafue mikono ya koti. Lori halikutikisika. Kisha mvua ikaanguka. Haikuanza kidogo kidogo. Ilikuja yote kwa pamoja, ya baridi, ikisukumwa na upepo kutoka milimani.

Damari hakungoja kuambiwa. Alifungua mpira wake, akaifunga kola ya tundu kwa kamba yake, akafunga pembe mbili kwenye ubao wa lori. Yunusu akachomeka fito mbili ardhini kwa ajili ya pembe nyingine, wakazikaza kwa mawe. Chini yake wakajipenyeza Bibi Rozalia, akina mama wawili wenye watoto, Damari mwenyewe, na mzee mmoja ambaye miguu yake ilibaki nje lakini akashukuru. Abiria wengine na Yunusu walibanana ndani ya kichwa cha lori.

Sedekia peke yake alibaki nje. Alisimama kando ya gurudumu, mgongo umenyooka, mkanda umefungwa, kola imeinuliwa mpaka masikioni.

Bibi Rozalia alimtazama kwa muda. "Yule mwanamume ni wa nani?"

"Wangu," alisema Damari.

"Ana adhabu?"

"Hapana, bibi. Ana koti."

Akina mama wakaziba midomo. Bibi Rozalia akapaza sauti, "Baba! Njoo huku, tutasogea!"

"Niko sawa, bibi!" akajibu Sedekia. "Hili ni koti la mvua!"

Yunusu alitoa kichwa dirishani. "Bwana Shamba, hilo koti lako limefungua mabomba!"

Ilikuwa kweli. Maji yalikuwa yanaingilia mabegani, pale kwenye vile vitambaa vya ofisa, yanapita ndani, na kutokea kwenye mikono yote miwili kama mifereji. Sedekia aliinua mikono juu ili yasitoke, yakamshukia kwapani. Akaishusha. Walioketi chini ya mpira walicheka sasa bila kuziba midomo, na hata mtoto mmoja aliyekuwa analia akanyamaza ili atazame.

Hapo ndipo Sedekia alipoyakumbuka maua. Damari alimwona akiingiza mkono ndani ya koti kwa haraka, akamwona pia anavyobadilika uso. Mkono ulitoka na uji wa karatasi, na katikati ya vidole maua yamekandamana, meusi meusi, yanachuruzika maji ya njano. Aliyatazama. Alisimama na kiganja wazi katikati ya ile mvua, kama mtu aliyeokota ndege aliyekufa.

Damari aliacha kucheka. Alitoka chini ya mpira akiwa na kanga zake tu, akatembea katika tope mpaka alipokuwa mumewe.

"Utalowa," alisema Sedekia.

"Nimeshalowa."

Sedekia akafumba kiganja juu ya maua. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Mama Asukile, hili koti linavuja."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya jasho."

Sedekia alitaka kukasirika, lakini hakupata wa kumkasirikia. Badala yake alitoa sauti kama kikohozi, ikageuka kuwa kicheko, na Damari naye akaanza tena. Akamshika mkono wa koti, ukammwagia maji, wakaenda chini ya mpira. Bibi Rozalia alijisogeza akampa nafasi ya makalio.

"Karibu kwenye kichuguu," Damari akamnong'oneza mumewe.

Mvua ilipopungua, watu wa kijiji cha jirani walikuja na majembe, wakalichimbua lori, na usiku ule abiria wakafika Iringa wakiwa wametapakaa udongo. Kihesa Sedekia na Damari walipokewa na Lusia na mumewe Liberatus. Liberatus alikuwa tarishi katika ofisi ile ile ya kilimo ambako mkutano ungefanyika, mtu wa kimo kikubwa na maneno machache. Lusia, kwa upande wake, hakuwa na uhaba wa maneno.

"Shemeji!" alipiga kelele mlangoni, mtoto kifuani. "Umekuja kwa lori au kwa kuogelea?"

"Lusia, mpe mtu maji ya moto kwanza," alisema Damari.

"Maji? Si anayo ya kutosha?"

Nguo zote za Sedekia zilikuwa zimelowa, hata zile za kwenye sanduku, kwa hiyo alipewa suruali na shati za Liberatus. Suruali ilifungwa kwa kamba na kukunjwa miguu mara tatu. Damari alitandaza maua juu ya ungo karibu na meko, akayageuza kwa subira, lakini pareto iliyolowa na kukandamana hairudi. Asubuhi yalikuwa makavu, ndiyo, lakini yamekuwa kahawia na yananuka ukungu.

Sedekia aliyatazama wakati wa chai. "Nitawaambia nimepata homa," alisema. "Kwa kweli najisikia baridi."

"Ukiona ni vyema," alisema Damari. Akamwongezea chai.

Akainywa yote. Kisha akayamimina maua katika gazeti, akalikunja, akatoka na suruali yake ya mikunjo mitatu, Liberatus akimfuata nyuma kama mlinzi.

Damari na Lusia walishinda wakimwogesha mtoto na kuongea habari za nyumbani, lakini Damari alikuwa anakwenda dirishani kila mara. Alasiri Liberatus alirudi peke yake, haraka kuliko kawaida yake. Alikaa, akaomba maji, akanywa, na Lusia akakaribia kumnyang'anya kikombe.

"Sema basi!"

Liberatus akasema. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi, kwa hiyo alisikia vizuri. Mabwana shamba waliotangulia walileta maua mazuri, kila mmoja akayasifu ya kwake. Ilipofika zamu ya Sedekia, alifungua gazeti mezani, na harufu ikawafikia watu wa mstari wa mbele. Akasema, "Ndugu zangu, jana asubuhi maua haya yalikuwa daraja la kwanza. Nimewaletea ili muone mtu mmoja anavyoweza kuyaharibu kwa mchana mmoja, kwa sababu alipenda mkanda wa koti." Kisha akaeleza habari nzima, mabomba na yote. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akafuta macho. Halafu gazeti likapitishwa kutoka mkono hadi mkono, kila mtu akanusa, na bwana mmoja kutoka Njombe akasema tangu aanze kazi hakuwahi kuonyeshwa pareto mbaya ni ipi, alisikia tu. Walimuuliza maswali mpaka muda wa chakula ukapita. "Wamemwomba aje tena," alimaliza Liberatus, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima.

"Asijue kwamba tunajua," alisema Lusia mara moja.

Sedekia alifika baada ya nusu saa, ameshika suruali kwa mkono mmoja. Aliwakuta wanawake wanachambua mchele, Liberatus anatazama ukuta.

"Mambo yamekwenda vizuri," alisema, akakaa.

"Tunamshukuru Mungu," alisema Damari. "Na maua uliwaambiaje?"

"Niliwaambia yalinyeshewa."

"Na nani, shemeji?" aliuliza Lusia.

"Na mvua. Nani mwingine ananyesha?"

Lusia alijaribu kuinama juu ya ungo, lakini mabega yalimsaliti. Sedekia akamtazama, akamtazama Liberatus, ambaye aliuona ukuta una jambo jipya, na mwishowe akaelewa.

"Aa," alisema. "Kumbe barua imenitangulia."

"Yote," alisema Lusia, akifuta machozi ya kicheko. "Mpaka mabomba!"

Sedekia akacheka pamoja nao. Kisha akaegemea kiti. "Huyu Liberatus hakuwaambieni yote. Mwishoni aliitwa akapeleke barua boma. Yule bwana wa Njombe aliniuliza, je, mkulima maskini asiye na ghala afanyeje mvua inapomshtukiza. Nikamwambia, mimi nimefundisha kukausha pareto kwa miaka minane, lakini nyumbani kwangu maua hayajawahi kulowa kwa sababu ya mke wangu. Yeye ndiye anayetazama mawingu. Nikawaambia alinishauri vizuri mara mbili, dukani na nyumbani, na mara mbili nikajifanya sisikii. Nikawaambia mkutano ujao wamwite yeye, mimi nitabeba mzigo."

Damari akasimama, akamchukua mtoto kutoka mkekani, akampa mgongo mumewe, akaanza kumfunga katika nguo zake. Alikunja upande huu, akakunja upande ule, akafungua, akakunja upya.

"Dada," alisema Lusia kwa upole, "mtoto amekwisha fungwa."

"Naona," alisema Damari, na akaendelea kumfunga.